Divai Niliyoitema kwa Pia

Tulimzika Maritim Ijumaa iliyopita nyumbani kwake Roret, na mpaka leo asubuhi nikikoroga uji bado nina hasira naye. Najua haifai. Marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mimi nilikwenda kwenye yale mazishi nikiwa nimeshamsamehe, naapa. Nilivaa kitambaa kipya kichwani, nikabeba sukari na majani ya chai ya kusaidia jikoni kama mtu yeyote mwenye adabu, nikaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nikaimba nyimbo zote. Kama kijana wake mkubwa, Wesley, asingeshika maikrofoni na kusimulia ile habari ya divai, ningerudi Longisa jioni ile nikiwa mtu wa amani.

"Mzee wangu alikuwa na ulimi, watu wangu," Wesley akasema. "Si mnajua alikuwa tea taster? Sasa siku moja Mtaliano mmoja alimpeleka lunch huko Kericho, kwa hoteli ya Wataliano. Wine ikaletwa, ile ya maana. Kila mtu anakunywa anasema iko sawa. Mzee akaonja kidogo tu, akatema! Akawaambia hii imeharibika, kizibo imeoza. Imagine! Mtu wa Roret, hata mzabibu hajawahi ona, anafundisha Mtaliano wine!" Hema lote likacheka. Watu wakapiga makofi. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilikaa pale mikono mapajani, damu ikinipanda, kwa sababu aliyeitema ile divai ni mimi. Maritim aliinywa. Aliinywa yote akaisifu.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa kabla ya mvua za El Niño. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilifanya kazi katika chumba cha kuonjea chai kwenye kiwanda kimoja upande wa Konoin ambacho sina haja ya kukitaja. Kile chumba nilikipenda kuliko nyumba yangu. Kilikuwa na vigae vyeupe, dirisha moja kubwa upande usiopigwa na jua, na meza ndefu yenye vikombe vyeupe vimepangwa kama watoto wa shule asubuhi. Nilipima majani, nikamwaga maji yaliyochemka, nikafunika, nikangoja dakika zake, nikamimina, kisha nikapita na kijiko. Chai haionjwi kwa kunywa. Unaivuta na hewa, kwa nguvu, kwa mlio ambao mama mkwe akiusikia atakuita mshenzi, ili isambae mdomoni kote na ipande puani. Halafu unatema ndani ya kopo refu linalosimama sakafuni, unakwenda kikombe kinachofuata. Ukimeza chai za siku nzima, utalala ukitazama dari mpaka jogoo awike. Nilijua majani yaliyokaa sana kwenye magunia kabla ya kufika kiwandani, nilijua chai iliyoungua kwenye kikaushio, nilijua hata siku ambayo mtu wa zamu alisinzia. Niliandika yote kwenye fomu. Fomu nikampelekea Maritim, msaidizi wa meneja, akaweka sahihi yake chini.

Sahihi yake peke yake, basi. Mimi sikuwa na mahali pa kuweka yangu. Wakati ule sikuona shida, maana yeye ndiye mkubwa, na zaidi ya hapo alikuwa wa ibinda moja na baba yangu. Walitoka jandoni msimu mmoja. Kwetu mwanamume wa rika la baba yako ni baba yako, na humpingi mbele ya watu hata akisema ng'ombe anataga mayai. Kazini nilimwita bosi, nje nilimwita baba. Ulimi hakuwa nao kabisa. Nilimwekea mara moja, kwa kucheka tu, kikombe cha chai bora na kikombe cha vumbi la mwisho, akasema vyote ni vizuri. Ukuta kati ya chumba changu na ofisi yake ulikuwa wa mbao, na nilimsikia akiongea kwa simu na watu wa mnada Mombasa, kwa ile sauti yake ya kanisani: "Mimi mwenyewe naonja kila asubuhi kabla sijakula kitu. Hiyo ni siri yangu." Nilicheka nikiwa na kijiko mdomoni. Leo najiuliza nilikuwa nacheka nini.

Katikati ya mwaka ikaja habari. Mnunuzi mmoja Mtaliano aliyekaa Mombasa, jina lake Renzo, alikuwa amesoma zile ripoti kwa miezi mingi na akazipenda. Sasa alikuwa anapanda huku kwetu kumwona anayeziandika. Tena ikasemwa kwamba wale wa mnada wanatafuta mtu mmoja wa viwandani wa kufunzwa uonjaji mwaka mzima, apate cheti, na Renzo ndiye angetoa neno lake. Sikulala siku mbili. Niliwaza tu hicho cheti, chenye jina langu, kwenye ukuta wa kile chumba. Maritim akaniita ofisini akafunga mlango.

"Rahel, Jumamosi tunaenda wote. Huyo mzungu anatupeleka lunch Kericho," akasema. "Wewe utakaa karibu na mimi. Akiuliza kitu ngumu, unaniambia na Kipsigis, pole pole. Mimi naongea."

"Na akiuliza nani anaandika ripoti, bosi?"

"Hiyo wacha mimi," akasema. "Kwani mimi nitakusahau?"

Jumamosi tulipitia kwake kwanza tukale ugali, kwa sababu dereva wa kiwanda alikuwa ametuonya kwamba chakula cha Wataliano ni tambi, na tambi si chakula. Mkewe, Bot Wesley, yaani mama yake Wesley, alitupakulia ugali wa wimbi na mboga za sageti na maziwa ya mursik, akasimama mlangoni akitutazama tunavyokula. Alikuwa mwanamke mrefu mkimya ambaye ungedhani hasikii, kumbe hakuna kilichompita. Mumewe alipokwenda kubadili tai, aliniinamia. "Mwangalie huyu mzee wako," akaniambia. "Ni mzee wa kanisa. Wazungu wakianza kumimina pombe, umkumbushe." Nikamwambia nitamkumbusha. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya mimi, nimebatizwa mtoni, na pombe haikuwa imepita kooni mwangu hata siku moja.

Mkahawa wenyewe ulikuwa nyumba ya zamani nyuma ya mji, ya mama mmoja Mtaliano, mjane wa injinia wa barabara. Watu waliuita kwa Pia tu. Naikumbuka ile sakafu nyekundu iliyopigwa rangi ya nta mpaka ukajiona, na vitambaa vya meza vyeupe vilivyonyooshwa pasi mpaka vikakakamaa. Kwenye madirisha alipanda rihani ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia. Kulinuka kitunguu saumu, jibini na moshi wa kuni za mkalitusi, na harufu ile iliniingia vizuri, sitadanganya. Meza ya jirani waliketi mabwana wawili wa mashamba makubwa, wakisema kwa Kiingereza kwamba wachumaji wa siku hizi hawajui tofauti ya jani na kijiti. Walisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema mbele ya mbuzi. Mimi nilikisikia Kiingereza chote. Niliichuma hiyo chai miaka minne kabla ya kuingia kiwandani.

Renzo alikuwa mtu mnene mchangamfu, pua nyekundu kwa mafua, maana mvua zetu zilimpokea kwa kumnyeshea siku mbili mfululizo. Alipenga kamasi, akaomba radhi, akatuagizia kila kitu. Kwanza ilikuja supu ya mboga na maharagwe, nzito, na mkate wa kuchovya katika mafuta ya zeituni. Niliila nikafikiri, kumbe hawa nao wanajua maharagwe. Halafu tambi pana zilizopangwa tabaka tabaka na nyama na jibini, zikitokota bado pembeni. Maritim alizikata vipande vidogo kama mtu anayemkatia ng'ombe majani ya nepia, akanong'ona kwa Kikipsigis, "Hiki ni chakula cha mtoto asiye na meno." Kisha Pia mwenyewe akaleta chupa, akaieleza kwa heshima kama mtu anayemtambulisha mkwe. Ilitoka kwao Renzo, mlima ule ule wa nyumbani kwao. Akaifungua, na Renzo akaonyesha kwa mkono kwamba aonjeshwe Maritim, kwani yeye ndiye mwonjaji.

Nilimkumbusha. Nilimgusa kiwiko nikamwambia kwa lugha yetu, "Baba, Bot Wesley alisema." Hakugeuka. Alibugia glasi yote kwa mara moja, akajipangusa, akasema, "Very good! Very strong!" Renzo akafurahi, akaagiza tumiminiwe wote. Glasi yangu ilipowekwa mbele yangu, sikuwa na nia ya kuigusa. Lakini pua haina kanisa. Ile harufu ilinipanda, na nikaitambua papo hapo. Kila msichana wa kwetu anaijua kabla hajajua kusoma: harufu ya kibuyu cha maziwa kilichooshwa kikafungwa na maji ndani, bila kukaushwa, bila kusuguliwa na mkaa. Ni kama mbao iliyolala na maji. Maziwa ukiyatia humo, hata ng'ombe awe mzuri vipi, umemwaga.

"Baba," nikamwambia, bado kwa Kikipsigis, "hii imeharibika. Usiisifu zaidi. Mwambie imeharibika."

Akamtazama Renzo akatabasamu. "She is saying the food is very nice," akasema.

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Labda ni kwa sababu ya wale mabwana wa meza ya jirani, labda ni zile sahihi zote. Nilimwambia Pia kwa Kiswahili, "Mama, nipe kijiko." Akanipa cha supu. Nikachota ile divai, nikaivuta kama ninavyovuta chai, kwa mlio wangu wote wa kazini. Ilisambaa mdomoni, na ikawa vile vile kama pua ilivyosema. Sasa kumeza siwezi, kwa sababu ya Mungu na kwa sababu ya kazi. Nikageuka kutafuta kopo la kutemea, na kwa Pia hakuna kopo. Mbele ya Maritim kulikuwa na bakuli lake la supu, bado nusu. Nikatema humo.

Sijui nani angefanya hivyo isipokuwa mtu wa kiwanda cha chai. Mimi sikuona ubaya. Kwangu kutema ilikuwa kazi, kama mwalimu anavyofuta ubao. Ni pale nilipoinua macho nikaona uso wa Maritim, na mmoja wa wale mabwana ameshika uma hewani, ndipo nilipojua.

"Iko nini hapa?" Pia akauliza, mikono kiunoni.

"Mama, hii chupa imekufa," nikasema. "Kizibo kimeoza ndani. Inanuka kibuyu kilichofungwa na maji."

Akachukua glasi yangu, akainusa. Akanusa tena, akafumba macho. Halafu akamgeukia Renzo kwa hasira kabisa. "Huyu msichana anasema kweli! Wewe iko na mafua, pua yako iko kama viatu!" Akakichukua kile kizibo akaninusisha mimi, si Renzo, akaleta chupa nyingine. Renzo sasa alikuwa ameweka kitambaa chake chini na kuinama mbele. Akanimiminia mimi. Pia akaweka bakuli tupu kando yangu, kimya kimya, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Nikavuta, nikatema, nikasema hii iko sawa, inakamata fizi na kukauka nyuma ya ulimi kama chai yetu ya mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, majani yakiwa machache. Renzo alicheka kwa furaha, akarudia maneno yangu polepole. Yalikuwa maneno ya ripoti. Karibu neno kwa neno.

Basi akaacha kucheka. Akamtazama Maritim, akanitazama mimi. Akauliza kwa Kiingereza, zile ripoti huandika nani?

"Me," Maritim akasema bila kupepesa. "This one, I have taught her everything. From zero. Ask her."

Renzo akaniuliza, ni kweli? Hakuwa mjinga yule mtu. Alinipa nafasi, akangoja, akapenga kamasi, akangoja tena. Nami niliyekuwa nimetema mbele ya wazungu bila aibu, niliyesema kizibo kimeoza kwa mdomo wangu, nikamwona mzee wa rika la baba yangu akinitazama, bakuli lake lililochafuliwa liko mbele yake, nikasema, "Yes, sir."

Nimekasirikia watu wengi maishani, lakini huyo msichana wa "Yes, sir" nimemkasirikia zaidi. Watu huniambia ilikuwa heshima. Heshima gani? Heshima inayotoka upande mmoja tu kama maji ya bomba si heshima, ni kunyonywa. Tulifundishwa tusimwaibishe mzee mbele ya wageni, lakini hakuna aliyemfundisha mzee asimwibie mtoto mbele ya wageni. Laiti angegeuka tu, ndani ya gari, akasema, Rahel, asante kwa kunifichia. Hakusema. Alikuwa ameimaliza ile chupa ya pili na Renzo, akalala njia yote mdomo wazi.

Jumatatu nilikuta mtu mwingine chumbani mwangu, mpwa wake, anapanga vikombe kinyume. Mimi nikapelekwa sehemu ya kufungasha, kushona midomo ya magunia ya karatasi, vumbi la chai likiniingia puani siku nzima. Sababu nilikuja kuijua Jumapili iliyofuata. Maritim, mzee wa kanisa, alikuwa amepeleka habari kwamba nimeonja pombe hadharani. Nilisimamishwa mbele ya watu wote nikatubu kwa divai ambayo sikuimeza, na aliyeimeza ameketi safu ya mbele, tai imenyooka, anatikisa kichwa kwa huzuni. Nikatolewa kwaya miezi sita. Kabla mwaka haujaisha alikwenda Mombasa kwenye mafunzo, akarudi na cheti.

Na sasa niseme lile ambalo kabla ya mazishi sikuwa nimemwambia mtu. Cheti hakikumpa ulimi. Ikija chai ngumu, ambayo wanunuzi wanabishania, alishuka sehemu ya kufungasha na kikombe mkononi, kimefunikwa na kisahani, akanisimamia karibu na cherehani. "Rahel, hebu niambie hii." Nami nilikuwa nikifungua kitambaa nilichojifunga puani kwa vumbi, nikionja, nikimwambia. Miaka yote ile. Sikukataa hata mara moja.

Kwa hiyo mshereheshaji wa mazishi alipoita, "Wafanyakazi wenzake, mmoja tu, dakika mbili!" nilijikuta nimesimama. Nilitembea mpaka mbele. Jeneza lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe, na picha yake juu, anatabasamu. Nikamwambia Wesley kwa upole, maana yeye hana kosa, "Kijana yangu, hiyo hadithi ni ya kweli. Lakini baba yako alikunywa. Mwenye alitema ni mimi. Na zile ripoti niliandika mimi, na hata baada ya cheti nilikuwa namwonjea mimi." Sikulia, na sauti haikutetemeka. Mshereheshaji akaja haraka akaniondolea maikrofoni, akasema, "Asante mama, asante, tuinuke tuimbe," na watu wakainuka wakaimba kwa nguvu kuliko walivyoimba siku nzima.

Nilikwenda kuketi nyuma ya ghala la mahindi, peke yangu. Baada ya maziko Bot Wesley akaja, kanga nyeusi begani, na sahani ya wali na nyama. Alikuwa amezeeka, lakini urefu ule ule. Akanipa sahani, akaketi kwenye gogo kando yangu.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ile ile aliporudi akajisifu. Mimi nimemlisha huyo mtu miaka hamsini. Maziwa yakiharibika, alikuwa anakunywa tu. Angejuaje kizibo?"

Nikarudisha tonge sahanini. "Ulijua, mama? Nikisimamishwa kanisani, ulikuwa umeketi pale unajua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Alikuwa bwana yangu," akasema. "Wewe ulikuwa umeketi naye mezani, na yule mzungu alikuuliza wewe. Mimi hakuna mtu aliniuliza."

Nilitaka kumpigia kelele, na nilitaka kumlalia begani, na sikufanya lolote. Nilikula ule wali mpaka punje ya mwisho kwa sababu nilikuwa sijala tangu asubuhi. Kisha nikasimama nikamrudishia sahani. Kwetu mtu akikulisha unasema kongoi, yaani asante, hata mtoto mdogo anajua. Sikusema, naye hakungoja.